Sanamu ya Mama Judith

Sogea kidogo, mwanangu, wewe uliyenunua cherehani juzi na tayari umeandika "Fundi" mlangoni kwa rangi nyekundu. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Nimeshona miaka mingi, kwanza Masasi, halafu huku juu Newala, mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Mengi ya kazi hii utajifunza mwenyewe kwa kujichoma vidole. Moja nataka ulisikie kwangu, kwa sababu mimi nililijua nikalinyamazia, na nusura limmalize mtu.

Ninazungumzia sanamu niliyokuwa nayo dukani. Unazijua: mwili wa mbao usio na kichwa wala mikono, unaovalishwa nguo ili fundi aone inavyokaa. Yangu ilikuwa na jina. Watu wote wa mtaa waliiita Mama Judith.

Lakini ngoja kwanza nimtaje aliyenifundisha, maana kosa langu lilianzia kwenye wema wake. Fundi Selemani alikuwa mzee mpole, na kibanda chake kilikuwa Masasi mjini, chini ya lile jiwe kubwa linalofanana na mgongo wa tembo. Alinipokea nikiwa msichana kutoka Chiwata, mikono migumu ya jembe, sijui hata kutunga uzi. Siku yangu ya tatu kazini nilimpima mama mmoja aliyekuja na mawifi zake kushonesha nguo za harusi. Nikazungusha tepu kiunoni, nikaisoma namba kwa sauti kama mwalimu anavyoita majina darasani. Wifi mmoja akauliza kama hiyo ni ya mtu mmoja au ya wawili. Yule mama akakunja kitenge chake taratibu, akakirudisha kwenye mfuko, akatoka bila kuaga.

Fundi Selemani hakunifokea. Aliniambia tu kwamba namba ya mtu ni siri yake kama ugonjwa wake. Iandike, funga daftari, nyamaza. Tepu yake mwenyewe ilikuwa ya kitambaa, imevutwa miaka na miaka hadi ikarefuka, kwa hiyo kila aliyepimwa nayo alitoka mwembamba kuliko alivyo. Wateja waliipenda sana tepu ile.

Akanifundisha na jambo la pili, ambalo bila shaka nawe umeshafundishwa. Ukishona nguo ya mtu mzima, acha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, kila upande. Siku atakaporudi akilalamika kwamba nguo inambana, usimwambie kitu. Mwambie apitie sokoni kisha arudi. Fumua kwa kiwembe, achia kidogo, shona upya, piga pasi. Atavaa, atazunguka, atasema fundi wewe nguo zako hazichakai. Nilifanya hivyo kwa mamia ya watu. Waliongezeka mbele ya macho yangu na wakaondoka wakiamini kwamba wako vilevile.

Nilipoolewa nikapandia huku Newala. Unajua asubuhi za huku katika miezi ya baridi. Ukungu unapanda kutoka bondeni, pale ukingoni tunapopaita Shimo la Mungu, unapita barabarani kama watu waliovaa shuka, unaingia mpaka dukani. Unashona ukiwa umefungua taa saa tatu asubuhi, na mtu akipita unasikia kandambili zake kabla hujamwona.

Mama Judith alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya yetu kanisani. Wazazi wake walikuwa walimu kule Chidya, naye alikuwa na ile sauti ya watu waliozaliwa karibu na ubao: akisema kaa, unakaa. Wakati ananijia mara ya kwanza alikuwa mwembamba. Maji ya bomba huku juu wakati ule yalitoka yakijisikia kutoka, kwa hiyo wanawake tulishuka bondeni na ndoo na kupanda nazo kichwani. Yeye alikuwa akipanda huku anaimba.

Hakuwa na muda wa kuja kujaribisha nguo. Ndipo nikamwomba seremala anichongee mwili wa mbao mwembamba, nikauviringishia kitambaa hadi ukalingana na vipimo vyake. Mwaka wa kwanza ulitosha mviringo mmoja tu, tena kwa heshima ya kifua. Baadaye, kila alipokuja na nguo mpya, nilimpima, nikaandika, nikanyamaza, akaondoka. Kisha nikachukua mabaki ya ile nguo yake mwenyewe na kuyaviringisha juu ya yale ya zamani.

Sikuona ajabu. Alikuwa mwalimu mkuu sasa, anakaa kitini. Bodaboda ilimchukua mlangoni na kumshusha mlangoni. Maji yalifika uani. Ming'oko, vile viazi vya porini, na kisamvu kisichoungwa viliachiwa wageni wa mashambani, na msimu wa korosho ukifika kila sherehe ilikuwa na soda na wali unaong'aa mafuta. Watu walimsifu. Walisema korosho zimemkubali. Mimi mwenyewe nilimsifu, na nilikuwa nasema kweli, kwa sababu alikuwa amependeza.

Sanamu nayo ikanenepa. Niliiweka karibu na dirisha, imevaa joho la kwaya. Asubuhi za ukungu wanafunzi walipita na kusimama wima, wakasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nami nikiwa nyuma ya cherehani nilikuwa naitikia, "Marahaba, wahini shule," kwa sauti yake. Wakakimbia. Nilicheka sana siku zile.

Nilikoma kucheka asubuhi moja ya mwezi wa saba. Mama Judith alikuja mwenyewe, maana parokia ilikuwa na jubilei na majoho yote yalitakiwa mapya. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu ni hatua kama ishirini. Alizikata kwa kusimama mara mbili. Akaketi kwenye benchi, akaniambia nimalizie nilichokuwa nashona, na kabla sijafika mwisho wa mshono alikuwa amelala. Alikoroma kwa nguvu kuliko cherehani.

Kisha akanyamaza.

Nikaacha kukanyaga pedali ili nisikie vizuri. Hakukuwa na kitu. Mdomo uko wazi, kifua hakipandi. Ukungu umejaa mlangoni, sanamu imesimama pale dirishani, na sisi watatu hakuna anayetoa sauti. Nikainuka nimwendee. Halafu akavuta pumzi moja ndefu, kama mtu aliyevutwa kutoka kisimani kwa kamba, akafumbua macho, akaniuliza taratibu kabisa, "Nani amenikalia?"

Nikamwambia hakuna mtu, tuko wawili tu. Akaniangalia kama hajaamini. Ndipo akanieleza kwamba nyumbani halali tena kitandani kama watu. Analala ameegemea mito mitatu, kwa sababu akijinyoosha tu, kuna anayekuja kukaa juu ya kifua chake na kumkaba. Padre alikuwa ameshakuja kuomba. Shangazi yake alikuwa ameshaleta majani ya kufukiza. Yule mtu aliendelea kuja.

Nilipiga magoti kupima urefu wa joho. Katika kusogea, dole gumba langu likaegemea mfupa wa mbele wa mguu wake, juu ya kifundo. Nilipoliondoa, shimo lilibaki. Ukibonyeza ngozi ya mtu inarudi. Ile haikurudi. Ilibaki vilevile, kama unga wa maandazi ulioumuka, na mimi nikaitazama mpaka nikaona aibu kwa kutazama. Nikachomeka pini zangu. Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa.

Jumamosi yake alilijaribu joho asubuhi, likakaa vizuri. Jioni ileile, wakati wa mazoezi, halikufunga. Mgongoni zipu ilikataa kupanda, na viatu alivyokuja navyo havikuingia mguuni kuondoka navyo. Kwaya nzima iliona. Nguo imejifinya yenyewe ndani ya siku moja, walisema. Na ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba Mama Lukas, yaani mimi, nina mwili wa Mama Judith dukani kwangu, na kila mara nauviringishia vitambaa vilivyogusa ngozi yake.

Hakuna aliyekuja kuniambia. Niliona tu kwamba watoto wa shule wanavuka barabara wanapokaribia dirisha. Kisha wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa ambavyo bado sijashona, wakisema harusi imeahirishwa. Harusi nyingi ziliahirishwa wiki ile.

Jumatano Judith akafika. Ndiye binti yake mkubwa, anafanya kazi ya kupima korosho ghalani Tandahimba, msichana niliyemshonea gauni la kipaimara. Alishuka kwenye bodaboda, akamsaidia mama yake kushuka kwenye nyingine, wakaingia. Judith hakunisalimia. Mtoto niliyemwona anazaliwa, hakuniambia shikamoo. Mama yake aliketi kwenye benchi, ameshika ukingo kwa mikono miwili, midomo yake imeiva rangi ya zambarau mbivu.

Judith akaionyesha sanamu kwa kidole.

"Mama Lukas, hicho kitu kifunue. Mama yangu anakufa."

Ningeweza kukasirika. Nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini nilimtazama yule mtu kwenye benchi, nikaona kwamba binti amekosea mambo yote isipokuwa moja: sanamu ile ilikuwa inajua kitu ambacho mama yake hakijui.

Nikaivua joho. Nikachukua kiwembe, nikakata uzi wa juu, nikaanza kufunua.

Cha kwanza kilikuwa kitambaa cha jubilei. Chini yake sare ya msiba wa mumewe, nyeusi yenye maua meupe. Kisha kitenge cha harusi ya mdogo wake. Mama Judith akaanza kuvitaja mwenyewe, kwa sauti ndogo, anapumzika kila baada ya neno. Hicho cha Pasaka. Hicho cha siku nilipopata ualimu mkuu. Vilianguka sakafuni kimoja juu ya kingine, na kila nilipodhani vimekwisha kulikuwa na kingine ndani. Judith alikuwa amesimama tayari kuona hirizi, au nywele, au kucha. Akaona kitambaa cha gauni lake la kipaimara, ambacho mama yake naye alishonewa sare. 

Mwisho ukatokea ule mviringo mmoja wa mwaka wa kwanza, na ndani yake mbao. Ilikuwa nyembamba kama mche. Rundo lililokuwa miguuni pake lilinifika magotini.

"Huyo nani?" Mama Judith akauliza.

"Ni wewe. Ulivyokuja kwangu mara ya kwanza."

Akatazama mbao, akatazama rundo, akatazama mikono yangu. "Miaka yote hii," akasema, "ulijua."

Nilimshika Judith mkono, nikampigisha magoti karibu na miguu ya mama yake, nikamwambia abonyeze kwa dole gumba kisha aondoe. Aliliona shimo. Alisubiri lijae. Halikujaa. Tukaita gari, mama hakuweza tena kupanda bodaboda, tukamkimbiza hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mdogo kuliko Lukas wangu. Alimweka kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, akamwekea hewa, akampima presha mara mbili kwa kutoamini ya kwanza. Alisema tungechelewa siku chache zaidi, asingeahidi kitu. Baadaye, Mama Judith alipotulia, alitukalisha mimi na Judith kwenye korido akatueleza. Nitakueleza kifundi, kwa sababu ndivyo nilivyoelewa.

Ukiachia mshono, gauni linaongezeka, lakini mwenye kulishona ni cherehani ileile. Mafuta ya mwilini si mzigo unaokaa tu kama gunia. Ni sehemu ya mwili, yanataka damu kila dakika. Mama Judith alikuwa ameongezwa pande zote, na moyo wake ulikuwa uleule wa msichana wa ndoo. Ukalazimika kusukuma damu nyingi zaidi, kwa nguvu zaidi. Na mafuta mabaya kuliko yote, alisema, ni yale yanayokaa tumboni ndani, yanayoyazunguka maini na utumbo, ambayo fundi huyaona kiunoni tu. Hayo huchafua damu, hupandisha presha na sukari, hukakamaza mishipa. Mshipa mzuri ni kama lastiki mpya. Wake ulikuwa umekauka.

Moyo ukisukuma hivyo miaka mingi, kwanza kuta zake zinakuwa nene, kama msuli wa mbeba magunia. Baadaye zinachoka na kulegea. Damu inaanza kuchelewa njiani, na maji yake yanavuja. Mchana kutwa, ukiwa umekaa au umesimama, yanashuka miguuni. Ndiyo maana joho la asubuhi halikufunga jioni, na ndilo lile shimo la dole gumba. Ukilala, yanapanda kuelekea kwenye mapafu. Huyo ndiye aliyekuwa anakuja kukaa kifuani. Na ule ukimya wa pale kwenye benchi ulitoka shingoni: mafuta yamebana njia ya hewa, na usingizi ukilegeza koo inajifunga, mpaka mwili ushtuke uombe pumzi.

Kila kitu kikapata jina. Judith alilia kwa nafuu. Mimi nilihisi baridi zaidi. Angekuwa pepo, ungemwita padre. Lakini hiki kilikuwa kimeingia mchana, kupitia mlango wangu, kwa vipimo nilivyoviandika mwenyewe, na nilikuwa nikikipigia pasi.

Alikaa wodini siku kumi na moja. Dawa ziliyatoa yale maji kwanza, na daktari akatuonya tusidhani ndiyo mafuta yameondoka. Mafuta yataondoka polepole kwa chakula na miguu yake mwenyewe, dawa atameza kila siku hata akijisikia mzima. Alituambia pia jambo ambalo nataka ulishike, usije ukawa fundi wa kunyanyapaa watu: kunenepa si tabia mbaya. Wengine wamezaliwa na mwili wa kuhifadhi, wengine wana maradhi, na kuna wembamba wengi wenye presha. Mtu hapimwi ili aaibishwe. Anapimwa ili ajue.

Alipotoka hakuja kwangu. Aliniona kanisani akanipa mkono wa amani kama anavyompa mtu yeyote, macho yakiwa kwa aliye nyuma yangu. Hakusimama tena mbele ya kwaya; aliimba ameketi. Nilimwona asubuhi akitembea na Judith mpaka kwenye kona ya shule na kurudi, wakati mwingine wakiwa wamemezwa na ukungu nikawa nasikia hatua tu, mbili nyepesi, mbili nzito, na kusimama, na kuendelea. Nilikuwa naacha kushona kila zinaposimama. Sikukanyaga pedali mpaka zimeanza tena.

Kwaresma ikaja ikapita. Wiki moja baada ya Pasaka aliingia dukani peke yake, na kitenge mkononi. Alikuja kwa miguu kutoka kwake. Alisimama mara moja tu mlangoni. Niliinuka, nikachukua tepu, nikaizungusha kiunoni kwake, nikaanza kuandika kwenye daftari kimyakimya kama kawaida ya mikono yangu.

"Soma," akasema.

Kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi. Nikamtazama.

"Mama Lukas, soma kwa sauti. Na ya mwaka jana pia."

Nikazisoma zote mbili. Yule mteja wa kwanza aliinamisha kichwa. Mama Judith alizirudia namba zile polepole, kama anavyozirudia mbele ya watoto wa darasa la kwanza, kisha akaniambia nisiache vidole viwili kwenye mshono, niache kimoja. Tangu siku ile nilimpima kila mwezi, ashone asishone. Moyo wake haukurudi kuwa wa zamani, daktari alisema hautarudi. Lakini analala kitandani, na wiki iliyopita alikuwa hapa ananikosoa chai yangu kwamba ina sukari nyingi.

Kwa hiyo ukimpima mteja, andika na tarehe. Akiongezeka, mwite pembeni, mwambie kwa upole, halafu ndiyo umshonee gauni zuri kadiri unavyoweza.

Na wewe mwenyewe, unayekaa kitini kutwa, anza leo. Simama pekupeku ukutani, mtu akukatie uzi unaolingana na urefu wako, kutoka unyayo hadi utosi. Ukunje katikati. Zungusha huo uliokunjwa kiunoni, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, vizuri, rudia mwakani. Zisipokutana, kesho asubuhi nenda zahanati iliyo karibu, uwaambie wakupime presha na sukari. Ukiona miguu inabaki na shimo ukiibonyeza, au huwezi kulala bila mito mingi, usingoje kesho. Nenda leo.